Fundi Umpimie Kiwanjani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji. Sasa ramani iko mkononi, na simu ya kwanza inakwenda kwa fundi aliyesifiwa na shemeji. "Vyumba vingapi, bosi?" Vitatu, sebule na jiko. Palepale anataja bei ya ufundi mpaka lenta. Fundi wa namna hiyo achana naye, hata kama bei yake inavutia. Nyamagana hakuna ajuaye gharama ya msingi kabla ya kukanyaga kiwanja.

Sababu ni mawe. Jiwe la Bismarck tunalopigia picha ziwani lina ndugu zake wengi chini ya viwanja vyetu. Isamilo, Igogo na Mabatini mwamba unauona kwa macho. Shida iko pale usipouona. Chukua kiwanja cha Mkolani chenye mteremko. Upande wa juu sululu inagonga jiwe kwenye futi moja. Upande wa chini umefika futi nne na udongo bado laini. Fundi Maiko anafurahi, kwa kuwa huko juu ameshapunguza kazi. Anaweka mkanda juu ya jiwe huku, juu ya udongo kule, boma linapanda. Masika yakishalowesha kiwanja, upande wa chini unadidimia, wa juu umetulia tuli, na ufa unapanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye lenta. Lipu haiponyi ufa huo. Utazibwa leo, mwakani utarudi.

Kwa hiyo mpeleke fundi kiwanjani, chimbeni mashimo kwenye kona, kisha muulize: hapa kuna jiwe na pale hakuna, utafanyaje? Akijibu, "Tutajaza kifusi tu, mama," amekwisha kukusaidia kuamua. Anayejua kazi atazungumzia kushusha msingi kwa ngazi mpaka kwenye udongo mgumu, kufunga nondo kwenye mkanda, ukuta wa kuzuia udongo, na njia ya maji yanayoporomoka kutoka kwa jirani wa juu. Mwingine atasema aitwe mhandisi kwanza. Huyo mshike. Fundi anayejua ujuzi wake unakomea wapi ni adimu.

Halafu akuonyeshe nyumba alizojenga, lakini si ile inayopakwa rangi sasa. Taka iliyokwisha kupita masika mawili au matatu, na uzunguke nyuma, maana mbele kila mtu anapamba. Mwenye nyumba mwulize fundi akiwa mbali: siku ya kumwaga zege alikuwepo mwenyewe, au aliwaachia saidia fundi?

Makaratasi nayo yana kazi yake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, huwapanga makandarasi wa majengo kwa madaraja saba, la kwanza likiwa la juu kabisa. Kampuni ikikuletea cheti, angalia daraja, angalia kama ni cha majengo (mkandarasi wa barabara ni mwingine), kisha ulizia Bodi yenyewe kama usajili bado uko hai. Tuseme kweli, nyumba nyingi za kawaida hapa mjini hujengwa na mafundi wa mtaani, na wapo wanaozishinda kampuni zenye vibao vikubwa. Wengine wana cheti cha VETA kilichorasimisha ujuzi walioupata kazini. Ila ghorofa ni habari nyingine. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20. Kwenye ghorofa usitafute nafuu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha nondo. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, inapaswa kuwa na karibu kilo 10.7, ya milimita 10, kilo 7.4. Ukiweka "ya 12" kwenye mzani ukakuta kilo 9, ujue umeuziwa ya 11. Nenda dukani na fundi wako, kaa kimya, umtazame. Mzuri atadai mzani kabla yako. Anayekuharakisha upakie gari, huenda ana chake kwa mwenye duka.

Malipo yaende kwa hatua: msingi, jamvi, boma hadi lenta, kupaua, lipu. Ile ya "bosi nimekwama, niongezee" ikianza kabla ya jamvi, haitaisha. Andikeni mkataba, muusaini mbele ya mwenyekiti kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na ndani yake itajwe nani ananunua vifaa na nani anashika ufunguo wa stoo. Asilimia 10 ya ufundi ibaki kwako mpaka masika ya kwanza yapite. Wengi watanung'unika. Akitokea anayekubali kwa sharti umwongezee kidogo kwenye bei, mwongezee.

Wiki ijayo: mbao, kenchi na bati.