Madoadoa yanayofichua udhaifu wa roketi

Mnamo Machi 2011, pipa kubwa la aloi ya aluminiamu na lithiamu, mfano wa tangi la roketi, lilisimamishwa katika kituo cha NASA mjini Huntsville, jimbo la Alabama, Marekani. Kipenyo chake kilizidi mita nane na kimo chake kilikuwa takriban mita sita. Lilikandamizwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani 450, hadi ukuta wake ukabonyea.

Ukuta huo ulikuwa umepakwa madoadoa meusi na meupe. Hayakuwa mapambo, bali alama za kuziwezesha kamera kupima jinsi umbo la pipa lilivyobadilika.

Kwa desturi, wahandisi hubandika kwenye chuma vifaa vidogo vya kupima kadiri kinavyovutika. Hata hivyo, kila kifaa hupima pale tu kilipobandikwa. Ukuta ukianza kubonyea kando yake, huenda kisitambue.

Mbinu ya picha, ambayo W. H. Peters na W. F. Ranson wa Chuo Kikuu cha South Carolina waliieleza mwaka 1982, hutazama eneo zima. Programu ya kompyuta huigawa picha ya kwanza katika vipande vidogo, kila kimoja kikitambulika kwa mpangilio wa madoa yake, mithili ya alama za vidole. Kisha huvitafuta vipande hivyo katika picha zinazofuata. Viwili vilivyopakana vikiachana, uso umevutika, vikikaribiana, umebanwa.

Ndiyo sababu madoa hutawanywa bila utaratibu: yakifanana, programu huweza kukosea kipande kimoja kwa kingine. Kamera mbili zikitumiwa pamoja, kama macho mawili, hupima pia mabonde na vilima vya uso huo. Ila haziwezi kuona kilichojificha ndani ya chuma.

Faida yake si ndogo. Kanuni za NASA za kukadiria lini ukuta mwembamba utabonyea ziliandikwa miaka ya 1960, na kwa miaka mingi tahadhari yake iliwalazimu wahandisi kuongeza chuma. Kila kilo ya ziada hupunguza shehena, ilhali kupunguza chuma kwa kubahatisha ni kuhatarisha maisha. Picha huwaonyesha mahali ukuta ulipoanza kushindwa, wakalinganisha na hesabu zao.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa na aliyeuona.