MLISHE NG'OMBE MAJANI, USIMLISHE MIFUPA

Ndugu mfugaji, ng'ombe ni mla majani. Huko Uingereza watu walimlisha nyama, wakapata hasara kubwa.

Viwanda vya huko vilisaga mabaki ya nyama na mifupa ya ng'ombe na kondoo. Unga wake ulitiwa katika chakula cha ng'ombe ili watoe maziwa mengi. Mwaka 1986 uligunduliwa ugonjwa mpya. Ng'ombe walitetemeka, wakapepesuka, wakaanguka. Ugonjwa ukaitwa kichaa cha ng'ombe. Ng'ombe zaidi ya 180,000 waliugua.

Ugonjwa huu hauletwi na kijidudu. Unaletwa na protini. Mwili una protini nyingi, na kila moja imekunjwa kwa namna yake. Ikikunjwa vibaya, haifanyi kazi yake. Tena protini mbaya ya ugonjwa huu ikigusa nzuri ya aina yake, huigeuza nayo iwe mbaya. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Polepole ubongo huwa na matundu kama sifongo. Mwaka 1982 mtaalamu wa Marekani, Stanley Prusiner, aliiita protini hiyo prioni.

Je, kupika nyama kunasaidia? Hapana. Moto wa jikoni huua vijidudu, lakini hauiharibu prioni. Baadhi ya watu waliokula nyama yenye prioni waliambukizwa. Zaidi ya 170 walikufa huko Uingereza.

Je, dawa ipo? Bado. Madaktari walijaribu kwinakrini, dawa ya zamani ya malaria. Haikurefusha maisha ya wagonjwa. Sasa wataalamu wanajaribu dawa za kupunguza protini hiyo katika ubongo.

Kilichosaidia ni kinga. Mwaka 1988 Uingereza ilikataza kuwalisha ng'ombe unga huo. Baadaye masharti yalikazwa zaidi, na ugonjwa ukapungua sana.

Basi nawe fanya hivi:

1. Mpe ng'ombe majani, mabua, pumba na mashudu.

2. Usimpe ng'ombe chakula cha kuku. Huenda kina unga wa mifupa.

3. Ng'ombe akipepesuka au akitoa mate mengi, usimchinje, wala usimtie mkono mdomoni. Huenda ana kichaa cha mbwa. Huo ni ugonjwa mwingine, nao huua watu. Mwite bwana mifugo upesi.

Ndugu mfugaji, ugonjwa usio na dawa huzuiwa horini.