Milango Mitatu, Nyumba Moja: Gharama ya Benki Siku Mtandao Unapolala

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja jioni, nilisimama mbele ya dirisha la duka la dawa hapa Mombasa, mtoto begani, mwili ukimchemka homa. Dawa zilikuwa shilingi 3,400. Mshahara ulishaingia benki tangu asubuhi. Nikafungua programu ya benki, nikahamisha 3,500 kwenda kwenye simu, nikasubiri. Ujumbe wa benki ukaingia: pesa zimetoka. Ujumbe wa M-Pesa haukuingia. Nikavuka barabara hadi ATM ya benki hiyo hiyo, mashine ikanirudishia kadi bila noti hata moja. Wakala wa benki hiyo, maduka mawili mbele, alikuwa amekaa tu na kile kimashine chake mezani. "Mtandao unakuja na kupotea tangu saa kumi, dadangu," akaniambia.

Jirani yangu ndiye aliyenitumia pesa za dawa. Yeye alikatwa 53 kutuma, nami nikakatwa 53 nilipomrudishia. Nilipanda matatu kwenda tawini Jumamosi na tena Jumatatu, shilingi 400 kwenda na kurudi safari zote mbili. Jumla 506, na sijahesabu foleni wala asubuhi nzima ya kazi iliyopotea. Zile 3,500 zilirudi kwenye akaunti Jumanne.

Benki hiyo niliichagua kwa sababu haitozi ada ya mwezi. Wengi wetu huchagua hivyo: tunasoma karatasi ya ada, tunatafuta sufuri, tunatia sahihi. Tangu siku ile nimekuwa nikilinganisha benki kwa swali jingine: ikilala kwa siku moja, nitatokea wapi?

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nina njia tatu. Programu ya simu, ATM na wakala ni milango mitatu ya nyumba moja. Yote mitatu hugonga kwenye mtambo mmoja ulioko makao makuu, ule unaotunza daftari la salio lako, na mtambo huo ukilala milango yote hufungwa kwa pamoja. Hata ile menyu ya kubonyeza nyota, ambayo ina faida kubwa ya kutohitaji bando la intaneti, nayo huuliza salio kwenye mtambo ule ule. Isajili hata hivyo. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na Uganda, ilikuwa vyema kuwa na njia isiyotegemea data ya simu yako.

Kwa hiyo njia ya pili ya kweli lazima iwe chini ya paa jingine: benki nyingine, pochi ya simu yenye pesa ndani tayari, au noti mkononi. Na hapa kuna mtego ambao watu wengi niliozungumza nao hawakuwa wameuona. Ukiwa na akaunti katika benki mbili, lakini zote unazitumia kwa kuhamishia pesa M-Pesa kwanza, bado una njia moja ya kutokea. M-Pesa ikikwama, benki zote mbili zimekwama kwako. Ndiyo maana ni muhimu kuwa na kadi inayolipa dukani moja kwa moja, na kujua kutumia PesaLink, inayohamisha pesa kutoka benki hadi benki bila kupitia pochi ya simu.

Sasa bei. Chukua mfano wa kumtumia mama shilingi 20,000 kijijini. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutuma kiasi hicho ni 105, naye akienda kwa wakala kutoa zote atakatwa 185. Ni 290 kwa safari moja. Lakini mshahara wako uko benki, kwa hiyo kabla ya hapo ulishalipa ada ya kuutoa benki kuja kwenye simu. Ada hizo zilisimamishwa Machi 2020 wakati wa korona na zikarudi Januari 2023, na watu wengi waliozoea bure wakaanza kuzilipa tena bila kubadilisha mazoea. Programu nyingi za benki zinakuruhusu kutuma moja kwa moja kwenye nambari ya M-Pesa ya mama. Hapo unalipa ada ya benki tu, na zile 105 hazipo. Angalia karatasi ya benki yako uone kama ada hiyo iko chini, kwa sababu kila benki ina yake.

Kutoa kidogo kidogo ndiko kunakotumaliza. Kutoa 500 kwa wakala ni shilingi 29. Kutoa 2,500 pia ni 29. Anayetoa 500 siku tano mfululizo amelipa 145 kwa huduma ambayo angeipata kwa 29. Na ukilipa dukani kwa nambari ya till, hukatwi chochote, mwenye duka ndiye anayebeba ada. Ukimlipa mama mboga kwenye Pochi la Biashara, unakatwa wewe, kama unayemtumia mtu pesa. Muulize muuzaji ni ipi kabla hujabonyeza.

Ushuru usikuyumbishe katika kuchagua. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka 15% juu ya ada za benki na za simu sawasawa. Kabla yake benki zilikuwa 20% na simu 12%.

Nimegawa akiba yangu ya dharura hivi: 3,000 hukaa kwenye simu, haziguswi kwa vocha wala chai, na 2,000 za noti hukaa nyumbani. Mtu ataniambia pesa hizo hazizai. Ni kweli, lakini hata kwenye akaunti ya kawaida ya matumizi hazikuwa zikizaa. Noti zina sababu ya ziada. Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukabaki gizani, mashine isiyo na jenereta ilikuwa bati tu. Akaunti ya pili nimefungua katika benki nyingine, ina ada ndogo ya mwezi, na ninailipa kwa moyo mweupe.

Kuna kulala kwingine ambako si kwa saa chache. Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, Aprili 2016 ikafuata Chase Bank, na wenye akaunti wakaamka pesa zao zimefungiwa. Wakati ule bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 kwa mteja katika kila benki. Tangu Julai 2020 ni 500,000. Mwenye zaidi ya hapo katika benki moja ana sababu nyingine nzito ya kugawa.

Muamala ukipotea, usifute ujumbe wa simu: nakili nambari ya muamala, saa na kiasi, piga picha ya skrini, kisha dai nambari ya lalamiko kutoka kwa mhudumu. Benki isipojibu, lalamiko hilo hupelekwa Benki Kuu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na pia fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro ya huduma. Fidia. Benki yangu ilinirudishia 3,500 na ujumbe wa kuomba radhi. Nami nimeandika nikidai 506, na stakabadhi za nauli nimezibana nyuma ya barua. Nakala yangu iligongwa mhuri wa kupokelewa Jumatano iliyopita.