Theluji ya Takada hutoka baharini

Mji wa Takada, katika mkoa wa Niigata kwenye pwani ya magharibi ya Japani, uko karibu latitudo ileile ya Tunis. Agosti joto lake hupita nyuzi 30. Hata hivyo, tarehe 26 Februari 1945 theluji iliyolala ardhini hapo ilipimwa, ikawa na kina cha sentimita 377. Inasimuliwa kwamba zamani, theluji ilipoufunika mji, wenyeji walisimika kibao juu yake kuwaarifu wapita njia kuwa Takada iko huku chini.

Wengi hudhani theluji nyingi ni dalili ya baridi kali. Sivyo. Harbin, kaskazini mashariki mwa China, wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 17 chini ya sifuri, ilhali Takada ni nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Na bado theluji ya Harbin haifui dafu mbele ya ile ya Takada. Kinachokosekana Harbin ni bahari.

Majira ya baridi, hewa ya Siberia hupoa, huwa nzito na kujenga mgandamizo mkubwa, kisha huanza kuvuma kuelekea Japani. Inapoondoka bara ni kavu. Njiani inapita juu ya Bahari ya Japani, ambako mkondo wa Tsushima huleta maji ya vuguvugu kutoka kusini. Hewa ya chini inapashwa joto, inafyonza mvuke na kupanda; mawingu yanajipanga kwa mistari mirefu inayoonekana wazi kwenye picha za setilaiti. Yakigonga milima ya katikati ya nchi, yanamwaga mzigo wote upande wa pwani. Upande wa pili hewa inashuka ikiwa imekauka, ndiyo maana Januari ya Tokyo ni jua tupu. Kaskazi ya kwetu nayo, miezi hiyohiyo, huvuma kutoka Asia iliyopoa. Tofauti ni kwamba ikitufikia imekwisha pita juu ya bahari ya tropiki.

Mawingu haya yana ngurumo. Kanazawa, mji mwingine wa pwani hiyo, ni maarufu kwa radi za majira ya baridi, na wavuvi wa huko huzichukua kuwa ishara kwamba samaki aitwaye buri, wa jamii ya kolekole, anakaribia.

Sasa tuje kwenye takwimu, maana hapa ndipo watu hupotea. Kwa miaka ya 1991 hadi 2020, jiji la Aomori, kaskazini mwa Japani, lilipata wastani wa karibu mita 6 za theluji kwa msimu. Jiji la Niigata halikufika mita moja na nusu. Tokyo ni sentimita 8 hivi. Mita 6 za Aomori hazilali zote kwa pamoja. Kifaa hupima kina kila saa, ongezeko likajumlishwa msimu mzima, huku theluji ya chini ikiyeyuka na kushindiliwa. Kwa hiyo theluji iliyoanguka na theluji iliyolala ni hesabu mbili.

Wastani nao una hila yake. Majira ya baridi ya 2019 hadi 2020 pwani hii ilikuwa na theluji kidogo mno. Mwaka uliofuata, Januari 2021, Takada ilipata zaidi ya mita moja ndani ya saa 24. Ukichukua misimu hiyo miwili na kutafuta wastani, utapata msimu ambao hakuna mkazi aliyewahi kuuona. Kwa maoni yangu, tarakimu hiyo inamfaa mhandisi na mkulima wa mpunga anayesubiri maji ya theluji wakati wa kuchipua, dereva haimsaidii.

Na kwa kuwa joto la huko hucheza karibu na sifuri, ongezeko la nyuzi moja au mbili linatosha kugeuza theluji kuwa mvua. Wakati huohuo bahari yenye joto zaidi hutoa mvuke zaidi, kwa hiyo baridi kali ikishuka, theluji huja kwa kishindo.

Nagaoka, mji mwingine wa mkoa wa Niigata, waliamua kutumia maji ya chini ya ardhi, yenye nyuzi 13 hivi mwaka mzima, kuyeyusha theluji barabarani kupitia mabomba yenye vitundu yaliyozikwa katikati ya lami. Barabara zinapitika, ila madini ya chuma yamezipaka rangi ya kutu, na kuyavuta maji kupita kiasi kumefanya ardhi ididimie mahali pengine.

Msomaji unayekwenda kusoma au kufanya kazi huko kati ya Desemba na Machi, fuata utabiri wa kila siku, usitegemee wastani. Theluji ya pwani hii ina maji mengi; ikishindiliwa, mita moja ya ujazo hufikia kilo 300 au zaidi. Vifo vingi vya theluji Japani huwapata wazee wanaopanda kusafisha mapaa. Usipande peke yako.