Picha ya mtoto kwa flashi: Ukiona mboni nyeupe, usiifute

Manyovu ni mahali pagumu kumpiga mtoto picha nzuri. Asubuhi ukungu hulala juu ya migomba na mibuni, mchana jua la milimani hupiga utosini na kuacha macho ndani ya kivuli, na kwenye nyumba zenye madirisha madogo giza huingia kabla ya magharibi. Hivyo kijana wa Buhigwe au Kasulu anayependa kamera, awe mwalimu, fundi simu au mwanafunzi aliyerudi likizo, hufika siku akachoka kulisubiri jua na kununua flashi.

Mara nyingi huwa moja tu, ya mtumba au ya Kichina, inayotumia betri nne ndogo kama za redio. Umeme ukikatika, yeye anaendelea. Na kwa kuwa hapigi picha kwa ajili ya fedha, wa kwanza kukaa mbele ya taa hiyo ni watu wa nyumbani: mwanawe, mtoto wa dada yake, kichanga cha jirani siku ya ubatizo.

Hapo ndipo huja swali la akina mama, kabla hata kamera haijawashwa. Mwanga mkali namna hiyo hautamharibu mtoto macho?

Madaktari wa macho wanajibu kuwa hapana. Mmweko wa flashi ndogo, hata kwa nguvu kamili, hudumu karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, na nguvu ikipunguzwa huwa mfupi zaidi. Taa kubwa za studio nazo haziachani sana na muda huo. Mtoto atashtuka, atapepesa, pengine ataona doa linaloelea kwa sekunde chache, kisha basi. Mwaka 2015 ilienea habari kutoka China kuwa kichanga kimepofuka baada ya kupigwa picha na flashi. Wataalamu wa macho waliipinga, lakini hofu yake bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Hilo halina maana kwamba taa isogezwe puani. Umbali wa mita moja au zaidi unatosha kwa kichanga, na mwanga uliolainishwa humsumbua kidogo kuliko ule wa moja kwa moja.

Wapo wanaohitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya wenye kifafa, ingawa ni wachache, hupata degedege kwa mwanga unaomweka mfululizo, kwa hiyo flashi isiwekwe kwenye mtindo wa kumweka mara nyingi kwa sekunde. Mtoto mwenye ualbino naye macho yake huumizwa na mwanga kirahisi. Apigwe kwa mwanga laini wa pembeni, aruhusiwe kufumba na kupumzika. Mkoani Kigoma kuna jambo jingine la kukumbuka. Shule ya Kabanga, karibu na Kasulu, ilikuwa kimbilio la watoto wenye ualbino wakati wa wimbi la mashambulizi lililoanza mwishoni mwa miaka ya 2000. Picha ya mtoto kama huyo, yenye jina la kijiji chake, si ya kutupwa mtandaoni.

Mafuta, shuka na paa la bati

Picha nyingi za flashi huharibika kabla ya kupigwa, kwenye beseni la kuogea. Mtoto ameogeshwa, amepakwa mafuta ya mgando usoni mpaka anang'aa, kwa sababu leo anapigwa picha. Flashi iliyo juu ya kamera ikimlenga, paji la uso na pua vinatoka kama kioo na sehemu nyingine ya uso inabaki bapa. Lawama huangukia kamera, wakati dawa ni kitambaa kikavu na mafuta kidogo.

Ngozi nyeusi haipendezeshwi kwa kumwagiwa mwanga mwingi. Inapendeza kwa mwanga mpana unaotoka upande mmoja, ambao hupita juu ya shavu na kuonyesha umbo lake. Ndiyo maana wenye studio hutumia mwavuli mweupe au boksi la kitambaa mbele ya taa. Kadiri kitu kinachotoa mwanga kinavyokuwa kikubwa na karibu na uso, ndivyo vivuli vinavyolainika. Na umbali una hesabu yake: taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtoto unabaki robo.

Vitabu vya upigaji picha humwambia anayejifunza aelekeze flashi kwenye dari jeupe, mwanga urudi chini ukiwa laini. Ushauri mzuri, ila dari lenyewe liko wapi? Nyumba nyingi za vijijini zina mbao na bati tu, na mwanga ukienda juu unapotelea huko. Ukuta uliopigwa udongo hurudisha rangi ya kahawia, na uliopakwa buluu humfanya mtoto aonekane mgonjwa. Shuka jeupe lililofuliwa, likitandazwa kwenye kamba kando ya mtoto na flashi ikapigwa kupitia humo, hufanya kazi ya mwavuli. Shuka la pili upande wa kivuli hurudisha mwanga kidogo. Flashi yenyewe hutolewa juu ya kamera na kuwekwa kwenye stendi, ikiwashwa kwa kifaa kidogo cha redio wanachokiita triga.

Hatari za kweli ziko chini ya taa. Stendi nyembamba yenye mwavuli hupinduliwa na upepo au na mtoto anayetambaa, kwa hiyo miguu yake ifungiwe mfuko wa mchanga. Studio zenye taa kubwa huwa na balbu ndogo ya kuongozea inayowaka muda wote, na hiyo huunguza vidole. Flashi iliyoharibika isifunguliwe nyumbani: ndani yake kuna kapasita yenye mamia ya volti, na chaji yake inaweza kubaki hata betri zikitolewa. Na wale wanaoiga picha za mitandaoni za vichanga waliolazwa uchi ndani ya kikapu wakumbuke kuwa hapa ni Manyovu. Kichanga hupoteza joto haraka, na baridi ya hapa haingoji picha iishe.

Jicho jekundu, jicho jeupe

Anayejifunza flashi hufundishwa mapema jinsi ya kuondoa jicho jekundu. Wekundu huo ni mwanga uliopita kwenye mboni iliyopanuka gizani, ukafika nyuma ya jicho penye mishipa mingi ya damu, ukarudi moja kwa moja kwenye kamera. Hutokea flashi ikiwa jirani na lenzi. Ikihamishwa pembeni, mwanga hauwezi kurudi kwa njia hiyo, na wekundu unatoweka. Kwa watoto wenye macho meusi sana wekundu huo huweza kuwa hafifu, wa kahawia au wa rangi ya chungwa, na si tatizo ilimradi macho yote mawili yafanane.

Tatizo ni pale jicho moja linapokuwa jekundu na jingine linang'aa jeupe au manjano, kama la paka aliyemulikwa na tochi.

Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao watoto wengine huzaliwa nao. Unaweza kuwa ugonjwa wa retina. Na unaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Si ugonjwa wa kila kijiji, lakini ni wa haraka. Uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho mtoto ana nafasi kubwa ya kupona, na katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 95 hupona. Ukishatoka nje ya jicho na kufuata mshipa kuelekea kwenye ubongo, mambo hubadilika. Watoto wengi wa Afrika hufikishwa hospitali jicho likiwa limeshavimba na kutokeza.

Mara nyingi mtoto haumwi mwanzoni. Anacheza, ananyonya, uzito unapanda kila mwezi kliniki. Dalili nyingine inayoonekana mapema ni makengeza, nayo nyumbani hupuuzwa kwa kuambiwa kuwa yataisha akikua.

Nchini Marekani, Bryan Shaw, mkemia wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas, aliyajua haya kupitia mwanawe aliyegundulika na retinoblastoma mwaka 2008. Mkewe ndiye aliyekuwa ameuona weupe kwenye picha. Baada ya matibabu Shaw alirudi kwenye maelfu ya picha za familia, akakuta weupe ulishaanza kuonekana mtoto akiwa na umri wa siku 12. Baadaye yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu inayoitwa CRADLE, inayopekua picha kutafuta weupe huo. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019, kati ya watoto 20 wenye maradhi ya macho, programu iliuona kwenye picha za watoto 16, kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya madaktari kugundua ugonjwa.

Hapa ndipo ufundi wa picha na afya ya mtoto vinapogongana. Kadiri mpiga picha anavyozidi kuwa hodari, ndivyo anavyoiondoa dalili. Taa ya pembeni, shuka jeupe, mwavuli, vyote humpa mtoto sura nzuri na mboni nyeusi tii. Kamera na simu zina kazi ya kufuta wekundu zenyewe, na simu za siku hizi hupiga gizani bila flashi kabisa. Picha mbaya, ile ya flashi ya mbele iliyomshtua mtoto, ndiyo yenye habari, na ndiyo inayofutwa kwanza.

Haigharimu kitu kupiga moja ya namna hiyo mwishoni. Taa za pembeni zizimwe, chumba kiwe na giza kidogo, flashi irudi juu ya kamera au itumike ya simu, mtoto akae umbali wa mita mbili hivi na aitwe atazame lenzi moja kwa moja. Kazi ya kufuta wekundu izimwe. Kisha picha ikuzwe na macho mawili yalinganishwe. Mzazi anaweza kurudia mara kwa mara mtoto anapokua, ila akumbuke kuwa picha safi si cheti cha afya, kwa sababu uvimbe mdogo unaweza usionekane.

Nayo picha yenye weupe si hukumu. Mtoto akiwa ameelekeza jicho upande wa pua kwa nyuzi 15 hivi, mwanga unaweza kugonga mahali mshipa wa macho unapoingilia na kurudi mweupe kwenye jicho zima. Mpiga picha hawezi kutofautisha, mzazi hawezi, na duka la dawa haliwezi. Anayeweza ni mtaalamu wa macho aliyempanua mtoto mboni kwa dawa na kutazama ndani.

Kwa familia za Manyovu safari huanzia kwenye zahanati au kliniki ya mama na mtoto, au hospitali zilizo jirani kama Heri na zile za Kasulu, kisha Maweni mjini Kigoma. Mtoto akithibitika kuwa na uvimbe hupelekwa kwenye hospitali kubwa, kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar es Salaam. Matibabu hutegemea ukubwa wa uvimbe: mionzi ya leza, kugandisha, dawa za saratani, au kuliondoa jicho. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya wazazi wengine watoroke na mtoto kwenda kwa mganga, na miezi inayopotea huko ndiyo miezi ambayo uvimbe hutoka nje ya jicho. Mtoto aliyeondolewa jicho moja huwekewa la bandia, husoma na kucheza. Na kwa kuwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wana aina inayoweza kurithishwa, ndugu zake nao hupimwa.

Kuna jambo moja gumu kwa kijana mwenye kamera. Ameiona nyeupe kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera, na sebuleni kuna wageni wa ubatizo, wali unapakuliwa. Asiitangaze hapo, wala asiitaje saratani, maana hajui. Amsubiri mama wa mtoto akiwa peke yake, amwonyeshe, amwambie kuwa jicho moja limetoka tofauti na lapaswa kutazamwa na daktari wiki hii. Picha ampe kama ilivyo, bila kuihariri. Ikitumwa kwa WhatsApp itumwe kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na mama aende nayo kwenye simu hadi mbele ya daktari.