Pua Isiponusa, Ulimi Ndio Hulaumiwa

Wengi waliopoteza uwezo wa kunusa hufika kwa daktari wakilalamikia ulimi: "Chakula hakina ladha." Ukiwaonjesha chumvi, sukari na ndimu, vyote wanavitambua. Kinachowapotea ni ile tofauti ya pilau na wali mweupe, na hiyo ni kazi ya pua, inayopokea mvuke wa chakula kupitia nyuma ya koo tunapotafuna.

Wengine hubisha kwamba dawa ya kuchua bado wanaisikia. Ule ubaridi hupokelewa na neva ya hisia za uso, si neva ya kunusa, kwa hiyo hauthibitishi kitu.

Tiba hutegemea tatizo lilivyoanza. Harufu inayokuja na kutoweka, huku pua ikiziba, huashiria ugonjwa wa sinusi au vinyama vya puani. Daktari huvitazama kwa kamera nyembamba, na wengi hupata nafuu kwa steroidi ya kupuliza, kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, au upasuaji. Aliyeanguka na pikipiki akagonga kichwa huenda nyuzi za neva zimekatika kwenye vitundu vya mfupa ulio juu ya pua. Huyo matumaini yake ni madogo zaidi. Harufu ikififia taratibu kwa miaka, mara nyingi ni umri, ingawa inaweza pia kutangulia ugonjwa wa Parkinson.

Waliopoteza harufu baada ya mafua makali au UVIKO-19 wana zoezi ambalo naliamini sana. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo yake: kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Karafuu ya Unguja na Pemba inafaa kabisa. Nusa kila moja kwa sekunde kama 20, ukiikumbuka ilivyokuwa. Katikati ya safari hiyo kahawa au kitunguu cha kukaanga huweza kunuka uozo. Usiache, kwa kuwa mara nyingi hali hiyo huja neva zinapoota upya.

Gesi ya kupikia haina harufu yake. Huongezewa ili ikivuja ijulikane. Kama hunusi, funga mtungi kila umalizapo kupika, na mwombe mwenzako anuse jiko kabla hujawasha kiberiti. Wiki nne zikipita harufu haijarudi, muone daktari wa masikio, pua na koo.