Kudumu katika mwito

Wako wanafunzi wa seminari wanaowaza hivi: «Kama Mungu ananiita, njia itakuwa nyepesi. Nikikwama, basi hakuniita.» Wazo hilo si la kweli. Kizuizi peke yake hakionyeshi kwamba mwito haupo. Tumtazame Mtakatifu Yoane Maria Vianney, paroko wa Ars katika Ufaransa.

Alizaliwa kwa wakulima wa Dardilly, karibu na Lyon, mwaka 1786. Utoto wake ulikuwa wakati wa Mapinduzi, mapadri walipoteswa. Akasoma shule kidogo tu. Kilatini alikianza akiwa na miaka 20 hivi, na maneno hayakukaa kichwani. Mwaka 1809 aliitwa jeshini, akaugua, akaachwa nyuma na kikosi, akaishi mafichoni hata 1811. Mwaka 1813 aliingia seminari kubwa ya Lyon. Baada ya miezi michache walimu walimrudisha, maana hakufahamu masomo ya Kilatini.

Alifanya nini? Hakugombana na walimu, wala hakuacha yote kwa haya. Alirudi kwa Padri Balley, paroko wa Écully, mwalimu wake tangu mwanzo. Padri huyo alimfundisha tena kwa Kifaransa, akamsemea kwa wakubwa wa jimbo. Nao walipima elimu yake ndogo na ibada yake kubwa, wakamkubali. Alipewa upadri huko Grenoble, tarehe 13 Agosti 1815. Kwanza hakuruhusiwa kuungamisha. Baadaye watu walitoka mbali kuungama kwake, naye alikaa humo saa nyingi mchana na usiku.

Huko Ars pia hakukosa upinzani. Mapadri wengine walimshitaki kwa Askofu kwamba hana elimu. Naye mwenyewe, akijiona hafai, alijaribu kuacha parokia yake, mwaka 1843 na tena 1853. Kila mara alirudi kwa watu wake. Alikufa kati yao mwaka 1859. Mwaka 1925 Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu.

Tushike mambo matatu.

1. Mwito hauamuliwi na mtu peke yake. Anayekata tamaa kwa siri anajihukumu mwenyewe. Anayeng'ang'ania kwa kiburi anajiita mwenyewe. Mfungulie moyo padri anayekuongoza, na kuacha Eklezia ipime.

2. Kudumu si kungoja tu. Vianney aliomba, akafunga, akarudia masomo yaleyale.

3. Nyuma ya anayedumu kuna mwenzake mvumilivu. Bila Padri Balley, Ars isingepata mchungaji wake. Enyi mapadri na makatekista, kijana aliyerudishwa nyumbani akifika mlangoni penu, msimcheke. Mketisheni, mumsikilize. Labda Mungu atamwonyesha njia nyingine. Labda atamrudisha altareni. Lakini asiondoke kwenu bila msaada.